Marjani Anajinyonyoa

Nizwa, 9 Januari 1994

Mdogo wangu Rayya,

Asalamu aleikum. Barua hii ikukute wewe, shemeji Salim na wanao mkiwa na afya, na mapaja yasiyouma. Huku kwetu tu wazima, alhamdulillahi. Baridi mwaka huu imetushika barabara, wazee wanaota jua ukutani asubuhi na hawaondoki mpaka adhana ya adhuhuri. Maji ya mfereji yanakuja vizuri. Jirani yangu Nasser amemwoza binti yake wa pili, arusi ilikuwa kubwa kuliko mfuko wake. Binti yetu Badriya huko Sur kwa mumewe ni mjamzito, anatapika asubuhi lakini anasema ndiyo mimba zilivyo. Moza anakusalimu sana.

Kilichonifanya nishike kalamu ni Marjani, kasuku wetu. Anajinyonyoa, Rayya. Alianza kifuani, unyoya huu leo na ule kesho, nikadhani anabadilisha manyoya tu. Sasa kifua chote kiko wazi, ngozi imemvimba mapele kama ya kuku wa kuchemsha. Kila asubuhi nakuta manyoya ya kijivu chini ya tundu, nafagia, na kesho yake yapo tena. Mkia wake mwekundu bado hajaugusa, lakini nimemwona akiutazama.

Hili ni jicho tu, halina jina jingine. Siku za arusi ya Nasser wanawake walipita hapa kwetu makundi kwa makundi, kila mmoja anasimama mbele ya tundu, "huyu ndege anasema kama mtu." Mashallah hawakusema wote. Basi namfukiza. Asubuhi na jioni natia makaa kwenye chetezo, natia ubani mzuri wa Dhofar na udi kidogo, naweka chini ya tundu mpaka moshi umfunike wote. Ubani wenyewe si ule wa kuuziwa wageni.

Nasser naye kanishauri nimpake shubiri manyoyani, akionja uchungu ataacha. Nimempaka. Hakuacha, ila sasa ananiuma vidole.

Wewe uko Doha, mji wenye madaktari wa kila kitu. Nasikia huko kipanga wa kuwindia akipiga chafya hupelekwa hospitali. Niulizie. Na usipige simu. Ukipiga simu unapaza sauti mpaka majirani wanakuja kuniuliza nani amekufa.

Kaka yako,
Zahran


Doha, 27 Januari 1994

Kaka yangu Zahran,

Wa aleikum salaam. Mapaja yangu yanauma vilevile, ahsante kwa kuyakumbuka. Salim kaambiwa apunguze sukari, basi anakula halwa jikoni amesimama, eti ya kusimama haihesabiwi. Wanangu wawili wanasoma, wa tatu anacheza mpira. Nimefurahi mno kwa habari za Badriya. Mwambie ale ndimu na chumvi asubuhi kabla hajainuka kitandani.

Nimekwenda kwa daktari, kaka. Salim ana rafiki yake anatibu vipanga, Msudani mmoja mrefu, mpole. Nilikaa pale barazani katikati ya wanaume, kila mmoja ana kipanga mkononi kavishwa kofia ya ngozi, na mimi nina barua yako mkononi. Mmoja akaniuliza ndege wangu yuko wapi. Nikamwambia yuko Nizwa. Akajisogeza mbali kidogo.

Daktari aliisoma barua yako neno kwa neno. Alipofika penye moshi akavua miwani. Anasema acha, leo hii, usingoje kesho. Mapafu ya ndege ni dhaifu kuliko yetu, na moshi unamkausha ngozi, ngozi inamwasha, ndiyo anachomoa. Wewe unamfukiza apone, naye anawashwa kwa sababu ya kufukizwa. Shubiri ioshe kwa maji ya vuguvugu. Mnyunyizie maji kila siku kama mvua nyepesi, wakati wa jua, akauke kabla ya jioni. Mpe makuti mabichi ayachane, mdomo wake uwe na kazi nyingine. Usiku funika tundu, alale gizani na kimya.

Halafu akaniuliza, "Ni nani anayempenda zaidi mle ndani?" Nikamwambia ni wifi yangu Moza, ndiye aliyemlea tangu hana manyoya, akimpa chakula kwa kijiko. Akasema, "Na huyo yupo?" Nikamwambia yupo, aende wapi. Akatikisa kichwa, akasema basi ajabu.

Ramadhani hiyo inakuja. Mwombe Moza aniandikie bokoboko lake anavyolipika. Langu linatoka kama gundi, na Salim analila kwa adabu tu.

Mdogo wako,
Rayya


Nizwa, 21 Februari 1994

Mdogo wangu Rayya,

Asalamu aleikum, na Ramadhani yenye baraka. Nisamehe kuchelewa, kazi za shamba zilinibana. Sisi wazima. Badriya hatapiki tena, ndimu zako zimemfaa. Saumu za mwaka huu nyepesi, mchana mfupi na baridi, na futari za msikitini ni nzuri sana. Jana waliweka mbuzi mzima juu ya wali, tukakaa kwenye sinia moja mimi, Nasser, na mafundi wawili wa Kibangali ambao wanaujua utani kutushinda sisi.

Moshi nimeacha. Nyumba imekuwa haina harufu ya nyumba, lakini nimeacha. Shubiri nimeiosha, na katika kuosha nimeumwa tena. Maji namnyunyizia kwa lile bomba la kupigia nguo pasi. Siku ya kwanza alinitukana kwa sauti ya birika inayochemka, wajua ile yake. Siku hizi anafungua mbawa akisikia maji. Makuti anayachana mpaka sakafu yote imekuwa taka, nami nafagia. Kwenye kahawa yangu namwachia kidogo kikombeni anywe, anaipenda.

Kunyonyoa kumepungua, lakini hakujaisha. Nilimkatia kola ya karatasi ngumu ya kasha la chai nikamvisha shingoni, asikifikie kifua. Alikaa nayo akiwa amenipa mgongo, akakataa kula. Nikaivua kwa huruma.

Jambo jingine, hasemi. Zamani ilikuwa asubuhi anamwita Badriya aamke aende shule, na Badriya mwenyewe kaolewa. Sasa kimya. Nimekaa nikafikiri, Rayya. Yote aliyokuwa akisema ni sauti ya Moza, au birika, au mlango wa nje. Miaka yote hiyo hana neno langu hata moja.

Bokoboko uliloomba ni hivi. Chukua ngano. Chukua nyama. Tia maji na chumvi, upike mpaka viive, kisha usonge. Samli juu. Moza anakusalimu.

Kaka yako,
Zahran


Doha, 6 Machi 1994

Kaka Zahran,

Wa aleikum salaam. Hatujambo. Salim anakusalimu, na wanangu pia. Leo nakwenda moja kwa moja.

Moza yuko wapi?

Usiniandikie kwamba ananisalimu. Moza akiulizwa bokoboko lake anajaza kurasa: ngano ilale majini tangu lini, nyama ya sehemu gani, mdalasini uingie wakati gani. Wewe umeniandikia "upike mpaka viive." Kaka, hayo ni mapishi ya mtu anayekula msikitini. Na toka lini ukafuturu na Nasser na mafundi, wakati una mke ambaye majirani wanatuma watoto na mabakuli kuomba futari yake?

Ilinipasa kujua tangu barua ya kwanza, ila nilikuwa mzito wa kuelewa. Moza akifukiza nguo hutoa chetezo uani, siku zote, kwa ajili ya yule ndege. Nilipokuja kwenu mwaka juzi alinifokea mimi mgeni nilipopita na udi ukumbini. Angekuwa ndani, ungeweka makaa chini ya tundu asubuhi na jioni? Angekutia wewe tunduni.

Na kahawa acha mara moja. Daktari kashika kichwa. Ni sumu kwa ndege, moyo wake unaweza kusimama. Kola pia iache mpaka ilazimike.

Zaidi ya hayo anasema kasuku si wa kukaa peke yake, kule kwao huishi makundi makundi, na asiyezungumzishwa hujila mwenyewe. Basi zungumza naye. Vuta kiti ukae karibu naye, umsimulie habari za mfereji, za Nasser, lolote. Wewe ambaye barua zako hazina mwisho, ukiwa nyumbani unakaa kama uliyefungwa mdomo. Mama alikuwa akisema hivyo, nami nilikuwa nikikutetea.

Nijibu, kaka. Nina wasiwasi na ndege, lakini nina wasiwasi zaidi nawe.

Rayya


Nizwa, 3 Aprili 1994

Rayya,

Asalamu aleikum. Idi imepita, nilikula kwa Nasser. Wazima.

Yuko kwao Bahla, tangu Novemba.

Hatukupigana wala sikumtukana. Nilikuwa nimekaa Maskati kwa mambo ya kiwanja, nikarudi jioni nimechoka. Yeye alikuwa kalala. Nikala kilichokuwapo, nikasikiliza redio, nikalala. Kesho yake hivyohivyo. Siku ya tatu nikamkuta kafunga mfuko wake, kakaa mlangoni. Akaniambia, "Nina homa siku zote hizi, ndege ndiye aliyeniuliza kama nimekula. Wewe hukuniuliza hata jina langu." Kaka yake Hilal akaja na gari, akamchukua. Ndege hakuweza kumchukua, kwani Hilal ana paka wawili.

Sikukuandikia kwa sababu niliona ni jambo la wiki moja. Kisha nikaona, kaondoka mwenyewe, atarudi mwenyewe. Watu wakiniuliza nasema kaenda kumwuguza baba yake. Mzee Saud mwenyewe mzima kabisa, ila masikio.

Nimefanya ulivyosema. Navuta kiti, nazungumza na Marjani. Mara ya kwanza niliona haya nikafunga mlango. Nilimsimulia bei ya mbolea. Sasa namsimulia mengine, na yeye anakaa karibu na fito za tundu, kichwa kakiinamisha, anasikiliza vizuri kuliko watu wengi ninaowajua.

Lakini juzi, Rayya, nimerudi kutoka msikitini nikakuta damu. Amemaliza manyoya, sasa anang'ata nyama yenyewe, hapa chini ya koo. Kidonda ni kikubwa kama shilingi. Nilimshika nikampaka asali. Kahawa hajaonja tena, naapa.

Muulize daktari. Sitaki afe mkononi mwangu. Huyu ni wake, nitamwambia nini?

Zahran


Doha, 13 Aprili 1994

Kaka yangu mpenzi,

Wa aleikum salaam. Nimelia nilipoisoma, kisha nimekasirika, kisha nimelia tena, na Salim kaniuliza kama nilikuwa nakata vitunguu.

Ya ndege kwanza. Asali ni sawa. Daktari anasema sasa kola imefika wakati wake, lakini ya kitambaa laini chenye pamba, si ya kasha la chai. Nimekushonea mbili, zinakuja na barua hii kwa mkono wa kijana wa Salim anayerudi Nizwa. Mvishe mpaka kidonda kikauke, usimwache peke yake muda mrefu. Na anasema kola inazuia mdomo tu, haimrudishii mtu aliyemkosa.

Basi mpelekee.

Najua unachoogopa. Unamwogopa Hilal na chetezo chake. Unakumbuka mimi nilipomnunia Salim nikarudi nyumbani kwa mama, yeye akaja kunichukua? Wewe ndiye uliyepitisha udi mapema kabla mtu wa watu hajamaliza tende. Na udi ukishapita mgeni ndiyo kaagwa, nani anakaa? Alitoka na kanzu inanukia vizuri na moyo umevunjika. Ulicheka mpaka ukakohoa. Sasa Hilal ana zamu yake, na haki anayo.

Lakini nikuambie usilolijua. Siku ile nilikuwa nyuma ya mlango na mfuko wangu nimeshaufunga. Nilitaka neno moja tu. Salim alizungumza bei ya mbuzi. Mwanzo mpaka mwisho, bei ya mbuzi. Ulipomtoa nilishukuru na nikalia kwa pamoja. Aliporudi mara ya pili hakutaja mbuzi, nami huyu hapa Doha mpaka leo.

Kwa hiyo usiende kusema bei ya mbolea. Hilal awafungie paka wake chumbani siku mbili, hawatakufa. Nenda, kaka. Mtu asiyetaka ndege afe mkononi mwake ndiye huyohuyo anayemwacha mke akae kwao tangu Novemba.

Rayya wako


Nizwa, 8 Mei 1994

Mdogo wangu Rayya,

Asalamu aleikum. Kola zimefika, moja ameichana, ya pili imemkaa. Kidonda kimekauka. Badriya yu mzito sana, miguu imevimba, mama mkwe wake anamtunza vizuri. Mimi mzima.

Nimekwenda Bahla.

Sikwenda mara moja kwa sababu nilikuwa na mpango, na usinicheke. Nilimfundisha Marjani. Kila asubuhi na kila jioni, uso kwa uso, "Moza, rudi nyumbani. Moza, rudi nyumbani." Nilijisemea, mimi nikikwama yeye atasema, na ndege akisema nani atamkasirikia. Wiki iliyopita akalisema, Rayya. Kwa sauti yangu hii hii ya kukwaruza. Nilikaa chini sakafuni. Akarudia tena nikiwa nimekaa palepale.

Alhamisi nikaoga, nikavaa kanzu mpya, nikafunga jambia kiunoni kama ninayekwenda kuposa. Tundu nikaliweka kiti cha mbele, nikalifunga mkanda wa gari. Njia nzima tunarudia somo.

Mzee Saud alinipokea vizuri, sidhani kama alikuwa amesikia kwamba tumegombana. Hilal alinipa mkono kama anayenirudishia kitu kibovu. Tukakaa ukumbini. Tukaulizana habari kwa desturi, kuna habari gani, hakuna ila njema, na habari yenyewe iko tunduni katikati yetu, imevishwa kola, kifua uchi. Hilal aliitazama, akatazama pembeni.

Zikaja tende, ikaja kahawa. Wajua ukitikisa kikombe umetosheka. Sikukitikisa. Hilal anamimina, mimi nakunywa, anamimina, nakunywa. Nilijua kikombe kikitikisika kinachofuata ni moshi. Nilikunywa mpaka moyo ukawa unaruka kifuani, nikafikiri kweli ni sumu hii kahawa. Muda wote huo namkonyeza Marjani aseme. Marjani kafumba macho, anasaga mdomo wake taratibu, kama mzee aliyeshiba.

Mkono ukaanza kunitetemeka, kikombe kikatikisika chenyewe. Hilal hakungoja. Aliinuka, akarudi na chetezo, moshi unafuka, anakuja nao upande wangu na uso wa kuridhika.

Ndipo nikasikia sauti nyuma ya pazia. "Hilal, rudisha moshi huo. Kuna ndege humo."

Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu Novemba, Rayya. Nilishika godoro nililokalia.

Hilal akasimama katikati ya chumba, chetezo mkononi, hajui aende wapi. Mgeni hatolewi bila udi, na udi umekatazwa. Mzee Saud, asiyesikia kitu, akauliza mbona chetezo hakiji. Hilal akamwinamia sikioni, "Moza amekataa!" Mzee akanitazama, akalitazama tundu, akafikiri. "Basi lete chakula," akasema.

Moza akaingia. Amekonda. Hakunitazama, alikwenda kwenye tundu akalifungua, na yule ndege anayenila vidole akapanda mkononi mwake akaingiza kichwa chini ya kidevu chake. Alimfungua kola. Akaona kifua.

"Nani amempaka shubiri?" Alinusa tu akajua, na nimeosha tangu Februari.

"Mimi."

"Nani amemfukiza?"

"Mimi."

"Na kahawa umempa, nakujua."

"Kidogo."

"Zahran, wewe ni mtu mzima kabisa."

Nikamwambia Marjani, sema. Nikamwambia tena, haya, sema lile. Aliguna tu. Hilal alianza kucheka puani. Basi nikaona hakuna wa kunisemea, nikasema mwenyewe, mbele ya baba yake na kaka yake. Nilimwambia, "Moza, nilimfundisha huyu aseme, kakataa. Ulikuwa na homa, nami nilijua, niliona uso wako, nikaona uzito kukuuliza. Sijui kwa nini. Nakaa nyumba ile peke yangu na naiogopa. Nakupenda, na nataka urudi nyumbani."

"Kasema nini?" akauliza Mzee Saud.

Ilibidi nirudie. Alisema hajasikia. Nikarudia kwa sauti, akaweka mkono sikioni, nikarudia kwa sauti ya adhana. Nadhani sokoni walisikia. Mzee akaitikia kwa kichwa, akasema, "Maneno mazuri, hayo ungeyasema zamani," akachukua tende.

Moza alikuwa anatazama chini, anamkuna Marjani kisogoni. Akasema, "Nimesikia. Leo siji. Ndege atabaki, Hilal atafunga paka. Wewe njoo Alhamisi, uje na maneno mengine, haya umeyamaliza."

Nimerudi peke yangu, kiti cha mbele kitupu. Niliendesha taratibu. Sijui nitasema nini Alhamisi, lakini nitakwenda.

Kaka yako,
Zahran


Doha, 16 Mei 1994

Kaka yangu,

Wa aleikum salaam. Salim kaisoma barua yako kwa sauti, alipofika penye kikombe akashindwa kuendelea kwa kicheko, alipofika penye sauti ya adhana akaiweka chini, akaenda jikoni, na nadhani si kwa ajili ya halwa.

Kuhusu cha kusema, mwulize yeye. Mwulize amelalaje, amekula nini, Hilal anamuudhi vipi. Halafu ngoja jibu. Usisimame kabla hajajibu, na usiwashe redio.

Daktari anasema manyoya ya kifua yakirudi yatachukua miezi, na mengine huenda yasirudi. Msimhesabie.

Nimekuombea sana usiku wa jana. Nilikuwa na hasira nawe miezi hii, nikakuandikia utani kuificha. Sasa imeisha.

Rayya


Nizwa, 17 Juni 1994

Mdogo wangu Rayya,

Asalamu aleikum. Sisi wote wazima. Badriya amejifungua mtoto wa kike, jina watalitoa Ijumaa ijayo. Tende za kwanza zimeanza kuiva.

Nilikwenda kila Alhamisi. Hilal alichoka kunichukia, siku ya mwisho akanifungulia geti kabla sijapiga honi. Sikumwambia Moza arudi tena, nilimuuliza tu mambo, akanijibu, mengine kwa ukali. Alhamisi iliyopita nilipoaga alikuwa kakaa ndani ya gari, tundu mapajani. Tulipofika kwenye mitende yetu akasema kisima kimechakaa, kwa nini hukukitengeneza. Nikamweleza kwa nini. Nilieleza mpaka mlangoni.

Marjani ametoa manyoya madogo kifuani, laini, meupemeupe. Chini ya koo, penye kidonda, pamebaki wazi, na Moza anasema patabaki hivyo.

Nilitaka kukuandikia mengi zaidi. Lakini hapa ninapoandika Moza amepita nyuma yangu, akasimama. Akauliza, "Kurasa zote hizi za Rayya?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Mimi tangu unioe sijapata hata ukurasa mmoja," akaenda kukaa uani.

Kwa hiyo barua hii nimeikata, na zinazokuja zitakuwa fupi kuliko hii. Usinune, mdogo wangu. Naweka kalamu chini niende nikakae naye, nina mambo mengi ya kumsimulia, na karibu yote ni yale niliyotaka kukuandikia wewe.

Zahran